Walimu wenzangu, ile insha ya "Jinsi nilivyoitumia likizo yangu" tuiache jamani (uzi mrefu kidogo)

Mwl_Chaki:

Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, ya serikali, huku pembezoni mwa Dar, nina darasa la tano lenye watoto 94 kwenye chumba kimoja na hao ndo wa kwenye daftari la mahudhurio. Zimebaki wiki mbili tufunge shule na kila mwaka ikifika hapa kuna kitu kinanikaa rohoni, leo nimeona nikitoe.

Januari mwaka huu siku ya kwanza nilifanya anachofanya kila mwalimu wa Kiswahili nchi hii, nikaandika ubaoni JINSI NILIVYOITUMIA LIKIZO YANGU, mistari kumi na tano, nikaenda zangu ofisini kunywa chai. Tusidanganyane hapa, ile insha tunaipenda kwa sababu inampa mwalimu kapumziko. Nikarudi nikasema haya aliyemaliza asimame atusomee. Akasimama binti mmoja, nimuite Z, akasoma vizuri hatari, walipanda SGR na baba yake mpaka Dodoma, dirishani waliona milima ya Morogoro, kufika baba akamnunulia chipsi kuku na gauni la njano la Krismasi. Nishaanza kupiga makofi, kule nyuma dogo mmoja akaropoka "Mwalimu muongo huyo, baba yake si alikufa!"

Darasa zima likacheka. Z hakulia. Alikaa chini, akalikunja daftari akalikalia, na toka siku hiyo mpaka likizo ya mwezi wa sita sikumuona akinyoosha kidole.

Nilikuja kujua baadaye kwa jirani yao kwamba mzee alifariki Novemba, mama anatoka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua ndizi sokoni akatembeze, na likizo nzima Z alikuwa nyumbani na bibi yake ambaye kapooza upande mmoja. Sasa mi sioni kama alidanganya. Nilimpa swali ambalo jibu lake la kweli halisomeki mbele ya watu 94, akafanya alichoweza.

Kuanzia hapo nikaanza kuangalia darasa kwa macho mengine hasa Novemba ikiingia. Sisi tunajua mtoto akisikia shule inafungwa anaruka ruka, na kweli wengi wanaruka. Wale wa Moshi wanaanza kuhesabu siku za kwenda kuhesabiwa kijijini kwao, wengine wanatajiana nguo za sikukuu. Lakini kuna wengine wiki zile mbili za mwisho wanabadilika kabisa, mpole anaanza kupigana, msafi anakuja hajaoga, na kuna wa kufagia. Wa kufagia mnawajua? Sio zamu yake, kengele imelia, wenzake wameshafika kwa muuza barafu, yeye kashika fagio anafagia chini ya dawati lilelile mara ya tatu. Miaka tisa nafundisha nilikuwa nawasifia hao "mtoto ana bidii huyu" kumbe hataki kwenda nyumbani tu. Na hapo yalikuwa ni masaa manne ya jioni, sa vuta picha mwezi mzima bila shule na bila ule uji wa saa nne.

Ukimuuliza una nini, anakwambia sina kitu mwalimu. Nanyi mnafanyaje huko kwenu? Karibuni.

Kibao_Mgongoni:

Mkuu umeandika vizuri lakini haya mambo ya hisia sijui afya ya akili tunayatoa wapi. Sisi tumesoma tukiwa na njaa, tumechapwa, baba zetu wengine wamekufa tukiwa darasa la pili na insha ya likizo tukaandika na hatujafa. Kazi ya mwalimu ni kufundisha, mtoto akifiwa kuna ukoo, kuna wajomba. Mkianza kumbembeleza kila mtu syllabus itaisha lini?

mama_wawili_Tanga:

Mi sio mwalimu ni mzazi naomba kuchangia. Mimi na baba watoto tulishaachana, mtoto anasoma kwangu, likizo anaenda kwa baba yake Dar na mama mdogo wa huko. Mwaka juzi kila shule ikikaribia kufungwa mwanangu tumbo linauma, tukaenda dispensari mara mbili wakapima minyoo, malaria, UTI, hakuna kitu. Nikamwambia acha deko. Mwalimu wake wa darasa ndo aliniita, akaniuliza kwa upole, "Mama nanihii, hili tumbo lina tarehe, umeliona?" Tukahesabu pamoja, Aprili, Juni, Septemba, kila likizo. Yaani mi mzazi sikuona, aliona mtu mwenye watoto zaidi ya sabini. Nilipokaa na mtoto nikaambiwa kule hapigwi hata, ila analala sebuleni na kila usiku anasikia anasemwa yeye na mimi mamake. Nilimpigia baba yake, tuligombana, lakini siku hizi anaenda wiki moja na sio mwezi, tumbo halijarudi. Kwa hiyo kaka hapo juu unayesema kuna ukoo, ukoo ndo ulikuwa unamsema.

Mwl_Chaki:

@mama_wawili_Tanga dada asante sana, "hili tumbo lina tarehe" nimeiandika kwenye shajara yangu.

@Kibao_Mgongoni mkuu sijaja kugombana, na mimi pia nimechapwa. Ila niambie kitu kimoja, Z alikuwa anapata 40 juu ya 50 kwenye Kiswahili, baada ya ile siku akashuka mpaka 17. Sasa hiyo syllabus unayoikimbiza alikuwa anaifuata nani pale? Mwili ulikuwepo tu. Na hao wajomba, huku mjini tunapopanga chumba kimoja mjomba yuko Sumbawanga, anapigiwa simu siku ya msiba na siku ya arobaini basi.

Matroni_wa_zamani:

Uzi huu nakaa hapa. Nimekuwa matroni bweni la wasichana miaka kumi na mbili, mkoa siutaji. Kwa boarding siku ya kufunga ndo yenyewe. Asubuhi magari yanaanza kuja, watoto wanaitwa majina, kila anayeitwa anapiga kelele anakimbia na tranka lake. Ikifika saa nane wamebaki ishirini, saa kumi wamebaki watano, na mmoja kila mwaka ni yuleyule. Anakaa juu ya tranka anaangalia geti. Nimeona mtoto anajifanya anasoma Biblia ameishika juu chini.

Mi nilichofanya baada ya kuona hivyo miaka kadhaa ni kitu kidogo tu. Siku tatu kabla napiga simu mwenyewe kwa wale wazazi wanaochelewaga, naongea nao vizuri bila kuwalaumu. Na yule ambaye najua atabaki, saa nne asubuhi nampa kazi, namwambia wewe utanisaidia kuhesabu magodoro na kuandika. Basi wenzake wakiondoka wanamuona ana daftari na kalamu mkononi, yuko kazini, hajatelekezwa. Kuna binti nilimkuta mjini kashakuwa mkubwa akaniambia, "Matroni, mi nilikuwa naamini kweli shule haiwezi kufungwa bila mimi." Nilicheka mpaka machozi.

Lile la kuwasema wazazi mbele ya mtoto, "mama yako vipi huyu hana hata aibu", nimewasikia wenzangu wakilifanya. Msilifanye jamani. Mtoto atamtetea mama yake hata kama ana hasira naye, na wewe unakuwa adui.

Mie_wa_Darajani:

Assalaam alaykum. Mie nnasomesha skuli huku Unguja, kwetu mtihani wenyewe si Disemba, ni Idi. Sikukuu kwetu siku nne, mtoto ana nguo ya kila siku, jioni watu wanamiminika viwanja vya Maisara na kile kiwanja cha watoto Kariakoo ya huku huku Unguja, na kila nyumba anayopita anapewa sikukuu yake, mia tano, elfu. Skuli zikifunguliwa nini kinafanyika darasani? Wanahesabiana. "Wewe umepata ngapi?" Na sie waalimu tulikuwa tunachochea moto wenyewe, mie nishawahi kuifanya hesabu ya kujumlisha, kila mtoto ataje alichopata tujumlishe, nikajiona mbunifu mie. Kijana mmoja akasema elfu arobaini. Nnaijua nyumba yao, elfu arobaini haijawahi kulala pale.

Sasa siku hizi ukifika mwezi ishirini na tano wa Ramadhani nnabadilisha mazungumzo mapema. Hatuzungumzi nguo, tunazungumza vyakula na michezo, nani anajua kupika tambi, nani anajua nage. Hilo hata maskini analo. Na wale waliofiwa ndani ya mwaka nnawajua kwa majina, Idi ya kwanza bila ya mzazi ni nzito sana, nnamwita pembeni namwambia tu, "Nnajua mwaka huu sikukuu itakuwa namna nyengine." Simwambii jengine lolote. Wengine wanaitikia kwa kichwa tu wanakwenda zao, lakini anajua kuna mtu anajua.

nyantare_mwl:

Walimu wenzangu mnaongelea nguo na pesa, naomba niwapeleke Tarime kidogo.

Huku likizo ya Desemba kwa mtoto wa kike inaweza kuwa ukeketaji. Hasa ule mwaka unaogawanyika kwa mbili, koo nyingi za Kikurya ndo msimu wao, na wanasubiri shule zifungwe maana mtoto akiwa shuleni mwalimu ataona hayupo. Kwa hiyo binti wa darasa la tano, la sita, Oktoba tu unamuona kichwa hakipo. Ameshasikia mama anaongelea khanga mpya, ameshasikia wageni watakuja. Anaona mahindi ya pombe yanatafutwa na anajua ni ya nini.

@Mwl_Chaki kisa chako cha Z kinatuambia tusimuulize mtoto mbele ya wenzake, nakubali, lakini kuna mambo kukaa kimya ndo kumuuza. Sisi hatumuiti mmoja mmoja ofisini, ukimuita mmoja jioni mtaa mzima umejua na yeye ndo ataumia. Tunasema kwa wote, wavulana na wasichana, mapema Septemba, tunarudia mpaka wachoke. Kwamba sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inasema anayemkeketa msichana chini ya miaka 18 anaweza kufungwa jela miaka 5 mpaka 15. Kwamba namba ya mtoto ni 116 na haikati salio. Kwamba Dawati la Jinsia polisi liko wapi, njia ipi inapita wapi, na kwamba Masanga kuna kituo kinapokea wasichana kipindi hicho. Tunawaambia na wavulana, kwa sababu kaka ndo mwenye simu na kaka ndo mwenye baiskeli. Nimeshaona binti kaletwa na kaka yake wa darasa la saba saa kumi na moja asubuhi, wote wamelowa umande mpaka magotini.

Na mkumbuke akirudi Januari. Yule aliyekimbia kuna anayerudi nyumbani haongeleshwi na baba. Yule ambaye hakukimbia naye anarudi darasani anakaa kwa uangalifu kwenye dawati. Ukimuandikia huyo ubaoni insha ya likizo utakuwa umefanya nini.

Kibao_Mgongoni:

@nyantare_mwl hilo sikulijua kwa kiwango hicho mkuu. Heshima kwenu.

Bado nasimama kwenye hoja yangu kwamba mwalimu ana mzigo mwingi ila naendelea kusoma.

dogo_wa_BED:

Mi bado nipo chuo nimetoka field mwezi wa nane. Mwalimu Chaki na watoto 94 unafanyaje kujua nani ana shida, tulifundishwa kumuita mwanafunzi kwa unasihi dakika 30, piga hesabu hapo.

Mwl_Chaki:

Hahaha dakika 30 mara 94, nitamaliza na mimi nastaafu.

Nilichojaribu mwaka huu ni hiki. Kila mmoja robo ya karatasi ya daftari. Aandike jina na sentensi mbili tu. Ya kwanza, "Likizo nitakuwa na..." Ya pili, "Ningependa mwalimu ajue kwamba..." Akunje atumbukize kwenye boksi la chaki, na niliwaapia kwamba hakuna atakayesoma isipokuwa mimi na mwalimu wa malezi, na hakuna kitakachosomwa darasani. Asiyetaka aandike jina tu. Kipindi kimoja kimeisha.

Nikakaa nazo usiku na taa ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Wengi ni mambo ya kawaida, mwalimu nataka mpira, mwalimu nampenda fulani (huyo tutaongea), mwalimu usiniweke karibu na dirisha. Kuna kumi na moja niliziweka pembeni. Mmoja kaandika "Likizo nitakuwa na mimi." Nikadhani kakosea sarufi. Nikairudia tena. Hajakosea.

Sasa usidhani nimetatua. Wawili tumeenda na mwalimu wa malezi mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, mmoja tumempeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata na hiyo siwezi kuielezea hapa. Waliobaki nimefanya vitu vidogo vidogo. Yule wa "nitakuwa na mimi" mama yake anafanya kazi za ndani analala huko huko mpaka Jumapili, nimemuomba mlinzi wa shule awe anamfungulia aje kumwagilia mchicha wa shule asubuhi.

Matroni_wa_zamani:

Mwalimu hapo kwa mlinzi simama kwanza. Najua nia yako ni njema na najua mlinzi wenu labda ni mtu safi. Lakini mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, shule tupu, mwezi mzima, hapana mwanangu. Mi hata mimi mwenyewe sikuwahi kukaa na mtoto mmoja mlango umefungwa. Wapange watoto wanne watano, siku mbili kwa wiki, na walimu wawili wa karibu wapite kwa zamu.

Mwl_Chaki:

Mama nimesoma nimenyamaza hapa dakika tano. Uko sahihi kabisa, hilo sikulifikiria. Kesho nalibadilisha, na mwalimu wa zamu anakaa nyumba ya shule pale pale atakuwepo. Asante kwa kuniambia wazi.

Mzazi_Mbezi:

Naongezea moja ambalo hamjaligusa, RIPOTI. Siku ya kufunga shule ya mwanangu wanasimamishwa mstarini, mwalimu wa taaluma anasoma kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa mwisho kabisa anapigiwa kelele na shule nzima halafu anakabidhiwa karatasi aende nayo nyumbani kwa baba mwenye mkanda. Yaani likizo yake imeanza hivyo. Nimemuona mtoto wa jirani anazunguka mtaani mpaka saa mbili usiku na ripoti ndani ya soksi. Necta wenyewe waliacha kutangaza kumi bora toka matokeo ya mwaka 2022, sisi shule ya mtaani bado tunasoma mpaka wa 94.

Mwl_Chaki:

Umenigusa penyewe maana huo mchezo kwetu upo. Nilimwambia mkuu wangu wa shule, akasema wazazi ndo wanataka. Tumekubaliana nusu, mstarini wanatajwa watano wa juu na watano waliopanda sana kuliko mwaka jana, waliobaki ripoti ndani ya bahasha. Na kwa wale ninaowajua nyumbani kuna mkanda, nimeandika kwa mkono pale kwenye maoni ya mwalimu wa darasa kitu kimoja cha kweli na kizuri kabla ya hesabu mbaya. "Anasaidia wenzake kusoma saa." "Hajakosa shule hata siku moja." Sina uhakika baba anasoma maoni lakini mtoto anayasoma njiani.

dogo_wa_BED:

Januari uturudie mwalimu, tujue utaandika nini ubaoni.

Mwl_Chaki (Januari):

Nimerudi wakuu, heri ya mwaka mpya, mwezi dume umetukamata wote najua.

Nimepanda nao darasa la sita. Siku ya kwanza sikuwauliza walienda wapi. Nusu saa ya kwanza tulifuta madawati na kuchora upya mistari ya uwanja, maana niliona kila nikiwa na watoto wanaofanya kitu kwa mikono maneno yanatoka yenyewe pembeni. Halafu ndo nikaandika ubaoni, ELEZA KITU UNACHOKIJUA KUFANYA AMBACHO MWALIMU HAJUI. Safari hii sikwenda kunywa chai.

Nimejifunza mambo mengi, sasa najua ubuyu unachanganywa saa ngapi ili rangi isichuje, najua kusuka twende kilioni kwa maandishi, najua kumfunga mbuzi asijinyonge. Yule wa mchicha kaandika ukurasa mzima jinsi ya kumwagilia bila kuung'oa mche, na majina ya wenzake wanne wa zamu kayaweka.

Z alikuja na daftari mpaka mezani kwangu, akauliza, "Mwalimu, nisome?" Nikamwambia kama unataka. Akasoma jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda. Unaanza upande ulio mzima, unaweka mto nyuma ya mgongo, kila baada ya masaa mawili hata usiku, na unamwambia kabla hujamgusa kwa sababu akishtuka anakuwa mzito.

Kimya. Halafu kule nyuma yule yule dogo wa mwaka jana akanyoosha mkono, mi moyo ukaruka. Akauliza, "Na kama mgonjwa ni mkubwa kuliko wewe?"

Z akamuangalia, akasema, "Unamkunja goti kwanza."